Prosesa imekaa bure, sauti inapasuka

"Mtaalamu, salaam. Nina studio ndogo hapa Mwanga, Kigoma. Kazi kubwa ni kurekodi kwaya, na siku nyingine vijana wa bongo fleva. Natumia kompyuta ya mezani ya mtumba yenye viini vinne, niliyowekewa Linux, pamoja na kadi ya sauti ya nje ya USB. Nikiweka bafa, ile akiba ndogo ya sauti inayosubiri kuchakatwa, kuwa 64, sauti inapasuka 'ta! ta!' kila baada ya dakika mbili tatu na wimbo unaharibika. Nikiweka 1024 mpasuko unaisha, lakini mwimbaji anajisikia kwa kuchelewa kwenye hedifoni mpaka anapoteza mapigo. Cha ajabu, mita ya prosesa inasoma asilimia 15 tu. Nimeongeza RAM kutoka GB 8 hadi 16, hakuna mabadiliko. Nimeipa programu nice -20, yaani upendeleo wa juu kabisa wa foleni ya kawaida, hakuna mabadiliko. Rafiki mmoja anasema nijenge keneli, yaani ule moyo wa Linux unaogawa mashine kwa programu, iwe ya muda halisi. Mwingine anasema niache ubahili, ninunue mashine mpya. Nina laki saba, lakini sitaki kuitupa. Nifanye lipi?"

Mwakeye, ndugu yangu. Hapa Tabora ningekuambia mwangaluka, lakini kwa kuwa swali limetoka upande wa ziwani, nakuamkia kwa lugha ya huko.

Nimelisoma swali lako mara mbili, na kilichonishika ni hiyo mita inayosoma asilimia 15 huku sauti ikipasuka. Kama prosesa imekaa bure kiasi hicho, muda wako unaliwa na nani? Hapo ndipo penye swali lenyewe, na rafiki zako wote wawili wamepapita bila kupaona. Mashine yako haijazidiwa na kazi. Inachelewa kupisha njia. Mita ya prosesa inakuonyesha kazi iliyofanyika kwa wastani ndani ya sekunde nzima. Haijui kabisa kwamba programu yako ilikaa foleni ikisubiri zamu.

Tupige hesabu kidogo. Kadi yako, nadhani, inachukua sampuli 48,000 kwa sekunde, yaani inaipima sauti mara 48,000. Ukiweka bafa ya 64, kila zinapojaa sampuli 64 programu inatakiwa iwe imezichukua, imezichakata na kurudisha nyingine 64 kabla kadi haijaishiwa. Gawanya 64 kwa 48,000, unapata milisekunde 1.33. Miadi hiyo inakuja mara 750 kila sekunde, na kwa saa moja ya kurekodi inafika 2,700,000. Ukiwahi asilimia 99.999 ya miadi yote, bado utakuwa umekosa 27, na kila moja ni "ta!" moja kwenye wimbo wa watu. Kwa hiyo kwako wastani hauna la kusema. Kinachokuumiza ni ile siku mbaya ya mashine, na siku mbaya kwake ni milisekunde mbili.

Upande wa bafa ya 1024 nako hesabu ni rahisi. Ni milisekunde 21.3 kuingia na kiasi hicho hicho kutoka, jumla 42 na zaidi. Sauti hewani husafiri kama mita 340 kwa sekunde, basi mwimbaji wako ni kama anajisikia kutoka kwenye spika iliyowekwa mita 14 mbele yake. Usimlaumu akiburuza mapigo.

Sasa tufuatilie bafa moja tu, tangu inapojaa. Kadi inapeleka taarifa kwa waya wa USB. Kidhibiti cha USB kinapiga katizo, yaani kinaigonga prosesa begani: acha ulichoshika, kuna jambo. Kama kiini kile cha prosesa kilikuwa kimelala usingizi mzito ili kuokoa umeme, inabidi kwanza kiamke, na kuamka huko kunaweza kula mikrosekunde mia moja na zaidi. Kama hakikulala, huenda keneli ilikuwa imefunga makatizo kwa muda ili imalize jambo nyeti, na katizo lako linabisha hodi mlango umefungwa. Likishasikika, draiva, ile programu ndogo inayokiendesha kifaa, inafanya yake na kuiamsha programu ya muziki. Hapa wengi hudhani safari imekwisha, kumbe kuamshwa ni kuingizwa kwenye foleni tu. Mgawa zamu wa keneli lazima aangalie nani yumo humo, aamue nani atangulie, na hata akishaamua kwamba ni wewe, aliyeshika kiini wakati huo lazima awe mahali ambapo anaweza kupokonywa.

Ukitaka kuielewa hatua hiyo ya mwisho, kumbuka treni yetu. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na kipande hiki cha kuja kwenu ni njia moja. Treni mbili haziwezi kupishana porini, zinapishana stesheni, penye njia ya pili. Nimeshakaa Kaliua ndani ya behewa, joto, wauza asali na karanga wamejipanga dirishani, tunasubiri treni ya mizigo itoke upande wa Usinge. Treni yetu ilikuwa nzima na dereva yupo tayari. Ungetufungia injini yenye nguvu mara mbili, tusingeondoka hata dakika moja mapema. Kilichotukalisha pale ni urefu wa kile kipande cha njia ambacho treni ikishaingia haiwezi kupisha mpaka itokee upande wa pili.

Keneli nayo ina vipande vya namna hiyo. Programu yoyote inapoomba kusomewa faili, kufutiwa folda au kutumiwa data, kwa muda huo inakuwa imeingia ndani ya keneli, na kwa mipangilio ya kizamani haipokonywi zamu mpaka itoke au ifike mahali palipotengwa pa kupishia. Wahandisi wanaopunguza ucheleweshaji wa zamu wamekuwa wakifanya kazi moja kwa miaka zaidi ya ishirini: kuongeza stesheni za kupishana na kufupisha vipande vilivyo katikati. Gharama yake ni ileile ya reli. Stesheni zikiwa nyingi, treni ya mizigo inasimamasimama na mzigo wa siku unapungua. Ndiyo maana mashine za kuhifadhi data huachiwa stesheni chache kwa makusudi kabisa, na huko hakuna anayelalamika.

Tuje kwenye nice -20. Usijilaumu, kila mtu huanzia hapo. Lakini nice ni habari ya mgawo, haihusiani na miadi. Tangu toleo la 2.6.23 la mwaka 2007, Linux ilikuwa na mgawa zamu aitwaye CFS, na tangu toleo la 6.6 la mwaka 2023 mantiki yake imebadilishwa ikawa EEVDF. Wote wawili wanachotafuta ni haki: kila kazi ipate fungu lake kulingana na uzito wake. Kila hatua moja ya nice huongeza uzito kwa takriban robo, kwa hiyo ukifika -20 fungu lako linakuwa kubwa mno. Sasa wewe unatumia asilimia 15. Hukuwa na njaa ya fungu! Shida ni kwamba mwenzako aliyeshika kiini anaweza kuachwa amalize kipande chake cha milisekunde mbili tatu ndipo aguswe, na miadi yako ni 1.33. EEVDF amesogeza hali mbele kidogo, kwa kuwa huangalia pia nani muda wake wa mwisho umekaribia, lakini naye ni mgawa haki yuleyule, na haki haiwezi kukuhakikishia kuwahi.

Unachohitaji ni tabaka jingine kabisa. Juu ya tabaka la kawaida, ambamo nice inafanya kazi, Linux ina tabaka la muda halisi lenye kanuni za FIFO (aliyeshika zamu haachi mpaka amalize au aje mkubwa wake) na RR (wa cheo kimoja wanapokezana), na vipaumbele 1 hadi 99. Mwenye tabaka hilo akiamka, wa kawaida anaondoka, mjadala wa haki haupo. (Kuna na tabaka la miadi, SCHED_DEADLINE, lililoingia na toleo la 3.14 mwaka 2014. Ni zuri, ila kwa studio yako si la lazima, tuliache.)

Kwanza tazama uko tabaka gani. Fungua dirisha la amri, programu ya kurekodi ikiwa inafanya kazi, kisha andika ps -eLo rtprio,cls,comm na usome safu ya katikati. FF maana yake FIFO, TS maana yake foleni ya kawaida. Nakisia utakuta TS nyingi, na penye namba ya kipaumbele pana kistari tu. Mara nyingi programu za sauti huomba tabaka la juu zenyewe, zikakataliwa kimyakimya kwa sababu mtumiaji hana ruhusa. Ruhusa inawekwa kwenye faili dogo ndani ya /etc/security/limits.d, mistari miwili tu: @audio - rtprio 90, na @audio - memlock unlimited. Kisha jiunge na kundi la audio, utoke kwenye akaunti yako na kuingia upya. Usipotoka na kuingia, hakuna kitakachobadilika, utarudi kwangu kulalamika.

Huo mstari wa memlock watu huuruka. Unairuhusu programu ishikilie kumbukumbu yake isihamishiwe kwenye diski. Programu ya muda halisi ikikuta ukurasa wake wa kumbukumbu umepelekwa diski, itausubiri kama mtu mwingine yeyote, na diski ya kuzunguka inaweza kuchukua milisekunde kumi kuutafuta. Kuongeza RAM kunapunguza uwezekano wa jambo hilo lakini hakulizuii, na kwako bila shaka halikuwa tatizo tangu mwanzo. GB 16 zako zitakufaa kwa mambo mengine.

Usijipe kipaumbele 99. Huko juu keneli ina kazi zake nyeti, waachie wenyewe. Na kuna ulinzi mmoja usiuguse: kwa kawaida keneli hailiruhusu tabaka la muda halisi kula zaidi ya mikrosekunde 950,000 katika kila 1,000,000, ili ubaki upenyo wa kujiokoa mambo yakiharibika. Mimi niliwahi kuuzima. Nilikuwa kijana kazini, nikaandika programu ya majaribio yenye mzunguko ambao, kwa kosa la herufi moja, haukuwa na mwisho, nikaipa FIFO 99 kwenye mashine ya kiini kimoja. Kipanya kiliganda katikati ya kioo. Kibodi ikafa. Nilipiga Enter kama mara hamsini, mwisho nikachomoa waya ukutani, mkuu wangu amesimama mlangoni na kikombe chake cha chai. Hakusema neno, na hadi leo ningependelea angesema.

Baada ya hapo ndipo tuje kwenye keneli yenyewe. Rafiki yako wa keneli ya muda halisi hajakudanganya, ila amekurusha ngazi mbili. Andika uname -v. Ukiona neno PREEMPT_DYNAMIC, basi keneli uliyonayo inaweza kubadilishwa idadi ya stesheni zake wakati wa kuwaka, bila kujenga chochote. Uwezo huo upo tangu toleo la 5.12 la mwaka 2021. Kwenye faili la /etc/default/grub, katika mstari wa amri za kuwashia, ule wa GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT, ongeza preempt=full na threadirqs, endesha update-grub, zima na kuwasha. Neno la kwanza linaruhusu kazi iliyomo ndani ya keneli ipokonywe zamu karibu popote, isipokuwa ikiwa imeshika kufuli (alama ya kuwazuia wengine wasiguse data ileile) au imefunga makatizo. La pili linageuza washughulikiaji wa makatizo kuwa kazi zenye vipaumbele, ambazo mgawa zamu anaweza kuzipanga kama nyingine. Huzaliwa na FIFO 50 zote, waifai sawa na kadi ya sauti, na hapo una la kufanya: katizo la USB, utaliona kwa jina lenye xhci_hcd, lipandishe kwa amri ya chrt hadi 85, seva ya sauti (programu inayopokezana sauti kati ya kadi na programu nyingine) iwe 75, programu ya kurekodi 70. Anayeleta chakula atangulie mbele ya anayekila.

Tazama pia /proc/interrupts. Kila mstari ni mlango mmoja wa katizo, na kwenye mashine za zamani utakuta vifaa viwili vimebanana mlango mmoja. Ukikuta waifai au kadi ya video inashirikiana na USB yako, hamishia kadi ya sauti tundu jingine la nyuma, si la mbele na si kwenye kigawanyio cha USB. Na zima waifai wakati wa kurekodi. Najua inaonekana kama ushauri wa babu, lakini draiva za waifai ni miongoni mwa zinazopenda kukaa na kufuli muda mrefu kuliko inavyostahili, na nimeona mpasuko ukiisha kwa kubonyeza kitufe hicho kimoja.

Ngazi ya mwisho ni hiyo keneli ya muda halisi, kwa kifupi RT. Ilianza kusukwa miaka ya 2004 na 2005 na Ingo Molnár, Thomas Gleixner na wenzao, ikakaa nje ya keneli kuu kama viraka kwa takriban miaka 20, na kipande cha mwisho kikaingia kwenye toleo la 6.12 lililotoka Novemba 2024. Inachofanya ni kikali: karibu kila kufuli ambayo zamani ilikuwa inamzuia kila mtu kupisha, inageuzwa kuwa kufuli ambayo mwenye kuisubiri analala na mwenye kuishika anaweza kupokonywa. Hapo linazuka jambo jipya. Kazi ya chini ikishika kufuli, kazi ya juu ikawa inaisubiri, kisha kazi ya katikati ikaja kumpokonya zamu yule wa chini, basi mkubwa anakwamishwa na wa katikati ambaye hawana hata biashara pamoja. Ndicho kilichoipata Mars Pathfinder, chombo cha Marekani kilichotua sayari ya Mars, mwaka 1997. Kompyuta ya chombo ikawa inajizima na kujiwasha ikiwa kwenye sayari nyingine, na wahandisi wakairekebisha kutoka duniani kwa kuwasha mpangilio wa kurithisha kipaumbele, yaani anayeshika kufuli aazimwe cheo cha mkubwa anayemsubiri mpaka aiachie. Keneli ya RT inarithisha namna hiyo kwa kufuli zake.

Je, unaihitaji? Sidhani, angalau si leo. Kwa milisekunde 1.33, keneli ya kawaida yenye preempt=full kwenye mashine iliyotulia hutosha mara nyingi sana. RT ni ya mtu anayehesabu mikrosekunde makumi, mwenye mkono wa roboti au mashine ya kukata chuma. Ina gharama pia: kazi nzito kama kunakili mafaili makubwa hupungua kasi, na baadhi ya draiva za kadi za video zisizo huria hugoma kuwekwa juu yake. Ukifika mahali ukaihitaji, usiijenge mwenyewe. Debian, kwa mfano, inayo imeshapikwa tayari, ni ya kusakinisha tu, na ya zamani inabaki palepale kama ukitaka kurudi nyuma.

Kitu ambacho ningekisisitiza zaidi ya vyote ni kupima, kabla na baada ya kila badiliko, na badiliko liwe moja kwa wakati. Chombo chake kinaitwa cyclictest, kimo ndani ya kifurushi cha rt-tests. Kinafanya jambo dogo: kinalala, kinaomba kuamshwa baada ya muda fulani, kisha kinaandika kimechelewa kwa mikrosekunde ngapi. Andika sudo cyclictest --mlockall --smp --priority=80 --interval=500 na ukiache saa nzima. Usikiache mashine ikiwa kimya. Nakili folda kubwa kwenda flashi, fungua kivinjari, washa waifai, fanya vurugu zote za siku ya kazi. Kisha usiangalie Avg, yaani wastani. Angalia Max, ucheleweshaji mkubwa kuliko wote. Ukiona Max ya mikrosekunde 150 au 300, foleni si adui yako. Ukiona 4,000, tumemkamata.

Ila chombo hicho kina ujanja mmoja ambao umewapoteza wengi. Chenyewe kikiwaka hufungua faili la /dev/cpu_dma_latency na kuiambia keneli isiruhusu viini vilale usingizi mzito. Basi muda wote unapopima, mashine iko macho. Ukikifunga, inarudi kusinzia, na studio yako inapata namba mbaya kuliko uliyoiandika. Kwa hiyo kama kipimo ni kizuri na mpasuko upo, shuku usingizi. Weka prosesa kwenye hali ya performance, yaani kasi kamili, wakati wa kurekodi, na kama haitoshi, zuia usingizi mzito kwa kuongeza processor.max_cstate=1 kwenye ule mstari wa kuwashia, au intel_idle.max_cstate=1 kama prosesa ni ya Intel. Joto litapanda na uniti za LUKU zitakwenda mbio kidogo, kwa hiyo nisingeacha hivyo wiki nzima.

Na kuna mwizi ambaye keneli yenyewe haimwoni. BIOS ya mashine, ile programu iliyomo kwenye bodi yake tangu kiwandani, inaweza kuinyakua prosesa, kuangalia feni au joto, na kuirudisha bila kuaga. Kwa keneli ni kama muda uliruka. Chombo cha hwlatdetect kinamtafuta huyo, kwa kuzuia kila kitu kingine na kuangalia kama saa imeruka. Akipatikana mwenye milisekunde nzima, hapo hakuna mgawa zamu wala kiraka kitakachokusaidia, hata RT.

Sasa niseme jambo ambalo ningeweza kuanza nalo, nikaliacha kwa sababu uliuliza kwa nini. Geuza kadi yako ya sauti uangalie kama ina kitufe cha kusikiliza moja kwa moja, mara nyingi kimeandikwa Direct au Mix. Ukikifungua, sauti ya mwimbaji inatoka kwenye maiki, inapita ndani ya kadi na kwenda hedifoni bila kuiona kompyuta. Hakuna katizo, foleni wala miadi. Unaweka bafa ya 512, mpasuko unaisha, na mwimbaji anajisikia papo hapo. Najua utaniambia waimbaji wanataka mwangwi masikioni, bila mwangwi hawaimbi. Wape. Zima sauti kavu ya mwimbaji kwenye programu, acha irudishe mwangwi mtupu. Mwangwi kwa asili yake huchelewa. Ukichelewa milisekunde 20 zaidi hakuna atakayegundua, utasikika kama kanisa limepanuliwa kidogo. Kwa kazi ya kwaya hiyo peke yake inaweza kukutosha, na haikugharimu hata senti. Bafa ndogo utaihitaji siku mtu anapiga kinanda ambacho sauti yake inatengenezwa ndani ya kompyuta, kwa sababu hapo hakuna njia ya mkato.

Laki saba yako iache ilipo kwa sasa. Kama Max ni ndogo hata mashine ikiwa kwenye vurugu, usingizi umeuzuia, na bado inapasuka, basi tatizo si zamu tena: ni waya wa USB, tundu lililolegea, au umeme. Ukisikia na mlio wa "mmmm" chini ya sauti, mwite fundi umeme aliye karibu nawe apime ethi ya nyumba. Hilo siwezi kulitibu kutoka Tabora, wala usilitibu mwenyewe. BIOS nayo usiisasishe peke yako kwenye mashine isiyo na UPS. Umeme ukikatika katikati, mashine inaweza isiwake tena.

Na kama hwlatdetect imemkamata yule mwizi wa BIOS, rafiki yako wa mashine mpya atakuwa amepatia, ingawa kwa sababu asiyoijua. Hapo usinunue kwa kuangalia kasi iliyoandikwa kwenye kibandiko. Weka Linux na rt-tests kwenye flashi, nenda nayo dukani, mwombe muuzaji akuruhusu uwashie mashine kwa flashi hiyo, na uendeshe hwlatdetect na cyclictest dakika ishirini kila kimoja. Wengi watakubali wakiona pesa ipo mfukoni. Akikataa, pita duka linalofuata.